Meza ya Tatu Kutoka Getini

Meza yangu ni ya tatu kutoka geti la ubalozi.
Mitaa ya La Paz yote ni mteremko,
basi mguu mmoja nimeuwekea kipande cha tofali
fomu za watu zisiteleze.

Eusebia Quisbert alikuja kabla sijavua glavu:
mfumaji wa sweta, miaka hamsini na tisa,
kofia nyeusi ya duara, mfuko wa viazi vikavu.
"Andika," akasema, "kwamba Nilda anajifungua."

Mama, fomu haina mahali pa kuandika hivyo.
Ina kisanduku cha utalii, cha biashara, cha masomo,
cha anayepita tu akielekea kwingine,
na cha kutembelea ndugu.
Tia alama kimoja. Ukitia viwili umejishtaki.

"Na ile ya kuhamia kwa mtoto?"
Ile inakutaka uwe na sitini na mitano.
Akahesabu kwa vidole. "Atakuwa keshajua kusoma."
"Ya kazi?"
Hiyo yataka mkataba kabla hujafika.
"Nani atampa kazi mtu asiyemwona?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tukashika ya kutembelea, siku tisini.
Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mgeni wa viza hii hapewi jembe
hata siku ya themanini na tisa;
akilishika, ni kosa.
"Na mtoto nikimwogesha, hilo ni jembe?"
Vidole vyangu vilisimama juu ya taipureta.
Nikaandika: *Sababu ya safari: matembezi.*

Barua ya mwaliko ilikuwapo, na muhuri wa polisi wa Valencia.
Bima, nikamwambia, ya euro elfu thelathini.
"Mimi mzima mzima sifiki bei hiyo."
Picha, bila kofia.
Akageukia ukuta kuivua,
kama mtu anayevua nguo.

Sasa ushahidi kwamba utarudi.
Wengine huleta hati ya nyumba, barua ya mwajiri,
taarifa ya benki yenye tarakimu zilizoshiba.
Yeye alitoa sweta ya kijani, mkono mmoja tu.
"Ya mwalimu Teodosio. Kalipa nusu.
Mwenye deni la mkono mmoja atakimbilia wapi?"
Niliipiga chapa hivyo hivyo, aya nzima,
nikaibana na risiti.
Katika miaka kumi na minane ya meza hii
sijaona kiambatisho cha kweli kuliko hicho.

Saa tano akarudi kutoka ndani.
Karatasi zote zilikubaliwa.
Mashine ndiyo iliyomkataa:
aliweka kidole kwenye kioo, ikasema hakuna mtu.
Akaweka kingine. Hakuna mtu.
Uzi wa miaka arobaini umezila alama zake
zikabaki ncha laini, kama kokoto za mtoni.
Wamesema apumzishe mikono, apake mafuta,
arudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili bila sindano!
Na nauli yenyewe ingetoka kwenye sindano.

Sasa kila asubuhi anakaa kwenye kigoda changu cha wateja,
mikono imevikwa soksi zilizolowa mafuta,
anawashauri waliopanga foleni:
pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, usicheke kwenye picha,
jina liandike kama lilivyo, hata kama walikukosea.
Wananilipa mimi. Namgawia.

Jana simu ililia. Niliishika mimi sikioni pake.
Msichana. Kilo tatu na kidogo.
Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza
kama tarehe ya kuondoka inaweza kusogezwa.
Inaweza, nikasema. Fomu mpya.

Halafu akasukuma ile sweta ya kijani kwa kiwiko
mpaka mbele yangu.
Sijawahi kuomba viza ya nchi yoyote,
wala sijawahi kufuma.
Nimefuma mstari mmoja kwa vidole vilivyoganda;
ameuangalia, ameguna.
"Fumua," anasema. "Anza tena.
Zimebaki siku tisa."